Mwenye mkono akifa, kikaragosi naye apumzishwe?

BintiKibokoni (mleta mada)

Asalaam alaikum wadau, na wa imani nyengine habari za jioni. Nna jambo nataka tulizungumze kwa utuvu, tusije tukarushiana maneno kama kwenye ule uzi wa viazi karai.

Juzi niliwawekea watoto vile vikaragosi vya Kimarekani, Muppets, kwenye YouTube, kanda zile za miaka ya sabini, yule chura wa kijani Kermit na nguruwe wake Miss Piggy. Wakacheka mpaka chai ikamwagika mkekani. Video ikaisha, ikaja nyengine yenyewe, ya hivi karibuni: chura yule yule, kola ile ile ya ncha ncha. Wangu wa pili, ana miaka sita, akakunja uso. "Huyu anamuigiza yule."

Mtoto hajui lolote kuhusu Jim Henson. Hajui kwamba chura yule Henson alimshona 1955 kwa koti kuukuu la mamake, macho akakata kimpira cha tenisi ya meza vipande viwili, na tangu hapo mkono ulioko ndani ukawa wake na sauti ikawa yake. Hajui kwamba Henson alifariki New York tarehe 16 Mei 1990, ana miaka 53, kwa maambukizi ya bakteria yaliyommaliza ndani ya siku chache. Kermit akapewa Steve Whitmire, akakaa naye hadi 2016. Kisha Disney wakamwondoa Whitmire, na tangu 2017 ni Matt Vogel. Watu watatu, chura mmoja.

Msimamo wangu nausema mapema nisije nikaambiwa nazunguka mbuyu: wangemwacha. Mzee Ojwang wetu wa kile kipindi cha vichekesho Vitimbi alipofariki 2015, hakuna aliyevalishwa koti lake akaambiwa haya, sasa wewe ndiye Ojwang. Mzee Majuto wa Tanga 2018, vivyo hivyo. Twawakumbuka, twacheka na kanda zao, basi. Kwa nini chura awe na sheria yake? Kwa kuwa yeye ni kitambaa?

Kijana wa Tudor

Dada, jibu ni fupi: pesa. Disney walinunua Muppets 2004. Umenunua ng'ombe wa maziwa halafu mtu akwambie mwenye kumkama amekufa kwa hivyo usimkame?

Mpita Njia

Kwanza tujue hukumu ya hivi vinyago vyenyewe kabla ya kujadili nani arithi.

BintiKibokoni

Ndugu yangu Mpita Njia, hilo nakuheshimu nalo, lakini lina wenyewe na lina uzi wake. Ufungue, nitakuja kusoma.

Mzee Ndia Kuu

Mwanangu Binti, umeandika vizuri lakini sikubaliani nawe. Abunuwasi kafa karne ya tisa huko Baghdad. Alikuwa mshairi mtu mzima, wa nyama na damu. Nyanya yangu hakupata kumwona wala kuiona Baghdad, na kila usiku wa mwezi alikuwa akitusimulia barazani Abunuwasi kafanya hivi, Abunuwasi kamhadaa fulani, kwa sauti ya puani aliyoitunga mwenyewe. Jirani yetu naye Abunuwasi wake alikuwa mnene na mwenye kigugumizi. Hatukupata kusema huyu wa nyanya ndiye na yule mwongo. Wote walikuwa yeye.

Mhusika akishapendwa na watu, aliyemzaa hana tena uwezo wa kumzuia asitembee. Sasa wewe wataka chura azikwe kwa vile watu wamemwona kwenye televisheni, si barazani. Televisheni ndiyo iliyotuharibu, ikatufanya tudhani sauti ni moja tu.

Kijana wa Tudor

Mzee umepiga penyewe. Lakini Abunuwasi wa nyanya yako hakuwa na kanda ya kumlinganisha naye. Siku hizi mtoto anamweka Kermit wa 1979 na wa 2020 kwenye simu moja, anasikiliza kwa zamu. Hakuna pa kujificha.

Na hapo nauliza: kwani sauti si inatengenezwa na akili unde sasa? Chukua kanda zote za Henson, uilishe mashine, Kermit azungumze kama zamani. Tatizo limekwisha.

Fundi Sponji

Nimesoma kimya, lakini hapa kwenye akili unde siwezi kupita. Mimi kazi yangu ni hii. Ni mmoja wa wale walioingia kwenye vikaragosi miaka ya tisini, wakati sanaa hii ilipoanza kutumiwa humu nchini kuelimisha watu juu ya Ukimwi. Tumezunguka Likoni, Kwale, Mariakani, Kilifi, uwanjani, sokoni, nje ya zahanati. Nimeshona vichwa vingi kuliko mashati.

Watu wanadhani kikaragosi ni sauti. Sauti ndiyo rahisi. Nenda Kongowea alfajiri utapata vijana wa kumuiga yeyote umtakaye kwa bei ya kikombe cha chai. Kazi iko mkononi.

Kichwa cha kawaida tunachonga kwenye sponji nene, kwa hivyo uso uko pale pale, wewe unafungua na kufunga mdomo tu. Kermit hana kichwa cha aina hiyo. Ni kitambaa laini, na ndani hakuna kigumu kinachoshika umbo, ila mkono wenyewe. Mtu akikunja vifundo vya vidole, chura anakunja uso. Akivuta kidole cha kati nyuma kidogo, mdomo unajikusanya kama wa mtu aliyeonja ukwaju. Yaani ule uso mnaoupenda ni mifupa ya mkono wa Henson. Whitmire ana mifupa yake na Vogel ana yake. Huyo wa miaka sita pengine hakusikia sauti tofauti hata kidogo, aliona mkono tofauti. Mashine itakupa sauti, mkono utautoa wapi?

Sasa msikilize upande wa pili. Waingereza wana Punch, kikaragosi mwenye pua ya kota na fimbo. Samuel Pepys aliandika kwenye shajara yake kwamba alimtazama Covent Garden tarehe 9 Mei 1662, na mpaka leo yupo kwenye fukwe zao. Hakuna anayelia kwamba aliyemwanzisha kafa. Kwa nini? Kwa sababu sauti ya Punch haitoki kooni mwa mtu. Ni kidude kidogo, vipande viwili vya bati na utepe katikati, mchezaji anakiweka nyuma ya ulimi na kinalia kama bata aliyekasirika. Mwanafunzi akijifunza kukitumia bila kukimeza, na wengi wamekimeza, tayari anayo sauti ile ile. Uso umechongwa kwenye mti, nao haubadiliki. Kila kilichomfanya Punch awe Punch unaweza kukitia kwenye sanduku ukampa mwenzako.

Ndio maana nasema swali la mleta mada halina jibu moja. Inategemea mhusika amewekwa wapi. Aliyewekwa kwenye kifaa atavuka. Aliyewekwa kwenye kifundo cha kidole cha mtu mmoja atavuka kwa shida, na lazima mwenye kidole awe hai amfundishe mwengine.

BintiKibokoni

Fundi, hii elimu ya bure wallahi. Lakini mbona naona kama umeniunga mkono? Henson hakupata nafasi ya kumfundisha mtu.

Fundi Sponji

Nusu tu, dada. Whitmire hakutoka barabarani. Alikuwa kwenye kundi la Henson miaka kadhaa, wameinama pamoja nyuma ya ukuta ule ule mikono juu. Ila ni kweli hakuketishwa akaambiwa "huyu ni wako nikiondoka". Walivyomrudisha Kermit walifanya kwa adabu lakini. Kipindi cha kumkumbuka Henson kilirushwa Novemba 1990, Muppets wengine wanahangaika kuandaa onyesho la kumuenzi huyo Henson wasiyemjua, mpaka wanaposoma barua za watu ndipo wanatambua amekufa. Kermit anaingia mwisho mwisho kabisa, kwa muda mfupi tu.

Na kuna mmoja hakupewa sauti haraka. Rowlf, yule mbwa mpiga piano, naye alikuwa wa Henson. Kwenye filamu yao ya Krismasi ya 1992 yumo karamuni, anapiga piano yake, hasemi neno. Mimi hiyo naiona ni heshima kubwa kuliko hotuba.

Wakili Mtoro

Niingie na la sheria, kwa ufupi. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inailinda kazi ya sanaa miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Kwa hivyo ukibuni kikaragosi chako leo hapa Mombasa, warithi wako ndio wenye kusema muda wote huo. Lakini ukikibuni ukiwa umeajiriwa, soma mkataba wako vizuri, huenda kisiwe chako hata siku moja ya uhai wako.

Hapo ndipo lilipo suala la Whitmire. Yeye alisema hadharani kwamba hakutaka kuacha. Disney walisema shida ni mwenendo wake kazini, na watoto wa Henson wakaunga mkono uamuzi. Sitaki kuhukumu nani mkweli. Ninachosema, kwa karatasi, mkono si mali ya mwenye mkono.

Wengine wamemalizana ndani ya familia. Shari Lewis alifariki 1998, mwanawe Mallory akaendelea na yule kondoo Lamb Chop. Harry Corbett wa Uingereza alimnunua dubu wake Sooty Blackpool 1948, akamkabidhi mwanawe Matthew 1976 akiwa bado hai, leo yuko kwa mtu wa tatu asiye wa ukoo. Halafu kuna Edgar Bergen: yule kijana wake wa mbao Charlie McCarthy alimtoa kwa makumbusho ya Smithsonian, Bergen akafariki 1978, na Charlie yuko kabatini mpaka leo.

Mzee Ndia Kuu

Huyo wa kabatini simtamani. Kama tungefanya hivyo Fort Jesus pangekuwa na Abunuwasi nyuma ya kioo, na watoto wangelipa kiingilio kumwona akiwa kimya.

Kijana wa Tudor

Mzee 😂😂

Wakuu mbona mmesahau ya kwetu? XYZ Show ya mchora katuni Gado, ile ya vikaragosi vya wanasiasa kwenye TV, iliyoanza 2009. Pale mwenye kushika alikuwa mmoja na mwenye kusema mwengine. Moi kafa, Kibaki kafa, na zile sura za mpira tukiziona kwenye kanda bado twavunjika mbavu.

Wakili Mtoro

Ile ni kesi nyengine. Pale aliyekufa ni mwenye uso, si mwenye kubuni.

Mama Wawili Mikindani

Naomba na mimi nitie neno, mimi si mtaalamu, ni mwalimu wa chekechea. Mleta mada, ulichosema kuhusu mtoto wako nakielewa, lakini kuna watoto wanaoanza leo. Kwao Kermit wa Vogel ndiye Kermit. Hawana wa kumlinganisha. Ukimwambia mtoto wa miaka mitatu "mwache huyo, huyo si wa kweli", umempa msiba usiomhusu.

BintiKibokoni

Mwalimu, basi hapo ndipo ninapotaka tufike. Will Lee, mzee aliyekuwa akicheza muuza duka Bwana Hooper kwenye kile kipindi cha watoto cha Marekani, Sesame Street, alifariki Desemba 1982. Wangeweza kutafuta mzee mwengine wa miwani wakamfunga aproni. Hawakufanya hivyo. Novemba 1983 wakaonyesha Big Bird, yule ndege mkubwa wa manjano, amewachorea rafiki zake wote picha zao, anazigawa moja moja, ya Bwana Hooper inabaki mkononi. Anauliza yuko wapi ampe. Watu wazima wanamwambia amekufa, na aliyekufa harudi. Na ile picha ikatundikwa kwenye kiota chake.

Watu wale wale! Wamewaheshimu watoto kiasi hicho. Kisha 1990 anakufa Henson, ambaye ndiye aliyekuwa mkono na sauti ya kikaragosi Ernie wa pale pale Sesame Street, na miaka mitatu baadaye Ernie anarudi na mkono mwengine, mtoto haambiwi kitu. Kwa nini Bwana Hooper aliagwa na Ernie hakuagwa?

Mama Wawili Mikindani

Kwa sababu mtoto alimjua Bwana Hooper, mamangu. Alimjua uso, mikono, miwani. Henson hakumjua. Mtu aliyekufa ni mtu ambaye mtoto hakupata kumwona hata mara moja, alikuwa ameinama chini ya meza. Ukisimama mbele ya darasa langu useme Ernie amekufa, wewe ndiye utakayekuwa umemuua, si ugonjwa.

Mpita Njia

Hapo mwalimu amesema.

BintiKibokoni

Mmm. Hilo la mwalimu sina jawabu lake papo hapo. Lakini sijahama. Nakubali Ernie asiuawe. Nisichokubali ni kumfanya kama hakukutokea kitu. Angalau watu wazima waambiwe.

Fundi Sponji

Dada, niwape wa Big Bird basi, kwa sababu pale walifanya nionavyo ndiyo njia yenyewe.

Caroll Spinney alianza na ndege yule 1969. Ile kazi si ya mchezo: uko ndani ya manyoya, mkono wa kulia umeuinua juu ya kichwa chako muda wote, maana ndio shingo na mdomo, na kidole cha mwisho ndicho kinachofumba macho. Mkono wa kushoto uko kwenye bawa la kushoto. Bawa la kulia halina mkono, limefungwa uzi wa mshipi wa kuvulia, ukiinua la kushoto lile linashuka. Huoni nje. Umefungwa televisheni ndogo kifuani ndiyo ikuonyeshe unakokwenda. Jaribuni kuinua mkono juu hivyo dakika tano mkiwa mmeketi hapo mlipo.

Matt Vogel, huyu huyu wa Kermit, aliingizwa miaka ya tisini awe naibu wake. Miaka yote hiyo anasubiri na kutazama. 2015 mwili wa Spinney ulikataa, kizunguzungu, akatoka ndani ya manyoya lakini akabaki na sauti. Mkono wa Vogel, sauti ya Spinney, ndege mmoja. Oktoba 2018 akaiacha na sauti, ana miaka 84, akafariki Desemba 2019. Hakuna siku ambayo ndege alibadilika wote kwa mpigo.

Wajapani wa bunraku ndio mabingwa wa hili. Kikaragosi kimoja kinashikwa na watu watatu: mkubwa ana kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Kwa desturi zao unakaa miguuni hata miaka kumi, halafu kwenye mkono wa kushoto mingine kama hiyo, ndipo ukaribishwe kichwani. Siku mkubwa akifa, yule wa kushoto kakaa ubavuni pake muda mrefu kuliko mkewe.

Kijana wa Tudor

Miaka kumi ya miguu! Kijana gani wa Mombasa atakubali? Mwezi wa pili ashaomba afungue kundi lake 😅

Fundi Sponji

Usiseme, mwanangu. Hilo ndilo linalonitia usingizi wa mang'amung'amu, na ndilo lililonifanya nisome uzi huu tangu mwanzo.

Mwenzetu mmoja kwenye kundi alifariki. Yeye ndiye aliyekuwa na kikaragosi cha mzee mbishi, yule asiyetaka kupimwa wala kumeza dawa, kila akiambiwa jambo anakohoa kwanza, kikohozi kirefu cha kujifanya, watu wako chini. Tulipokwenda kijiji kimoja upande wa Kinango baada ya msiba, watu walimuulizia. Hatukuwa na wa kumsemea. Tukamkalisha pembeni ya jukwaa, hasemi. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Mbona mzee kanyamaza?" Kijana wetu nyuma ya pazia akajibu kwa kikaragosi chake, "Amenuna, muacheni." Watu wakacheka, onyesho likaendelea.

Lakini huwezi kununa milele. Kuna kijana aliyekuwa akimshikia marehemu zile fimbo za mikono. Anaijua mizunguko yake yote. Sasa tumpe au tusimpe?

Mzee Ndia Kuu

Mpeni. Mmengoja nini?

BintiKibokoni

Kama alimshikia mikono, huyo amerithi kwa haki. Hata mimi niliyeanza uzi huu nikipinga, nampa. Pingamizi langu ni kwa wale wanaopewa na ofisi.

Wakili Mtoro

Kabla hamjampa, nani alikichora na kukishona? Kama ni marehemu mwenyewe, kwa pesa yake, nendeni kwa familia mkapate idhini, na iwe kwa maandishi. Leo mnapendana. Siku shirika likija na fedha za mradi mtaanza kutafutana.

Fundi Sponji

Tulikwenda. Mjane hakuwa na neno, alitia saini pale pale. Ila alitoa sharti moja: kikohozi kisitumike. Anasema kile hakikuwa cha mzee wa kitambaa, kilikuwa cha mumewe hasa, alikuwa akimkoholea hivyo hivyo nyumbani akiulizwa habari ya kodi ya nyumba. Tumeahidi.

Kijana wa Tudor

Kwa hivyo mzee mbishi bila kikohozi. Atajulikana vipi kwamba amekasirika?

Fundi Sponji

Ndilo tatizo letu kwa sasa. Kijana alijaribu kupiga chafya, ikawa kichekesho cha bei rahisi. Akajaribu kugonga gonga bakora, fimbo ya mkono ikang'oka. Onyesho lijalo liko karibu, mwenye wazo alete.

Mzee Ndia Kuu

Avute kofia yake imfunike macho. Baba yangu alikuwa akifanya hivyo, na nyumba nzima ilijua tusimsogelee.

Fundi Sponji

Kofia ya kiua imeshonewa kichwani, mzee wangu. Lakini nikiifumua upande wa mbele nikatia lastiki, inawezekana. Najaribu kesho asubuhi.

BintiKibokoni

Tia na picha, Fundi. Na Wakili, nakusubiri bado: huyo kijana akiibuni kofia yeye mwenyewe, hiyo kofia ni ya nani?

Wakili Mtoro

Hapo sasa unataka nianze kulipisha.